Asali ya Fidia na Vumbi la Wadogo

Hapo zamani za kale, kabla wanyama hawajaamua kunyamaza na kutuachia sisi maneno, kulikuwa na nchi moja ya porini yenye Baraza. Msicheke. Baraza la kweli, lenye Spika, lenye kanuni, na lenye wajumbe wanaosinzia wakishashiba. Na wewe unayetafuna muwa huko nyuma, tafuna taratibu, sauti yangu haiwezi kushindana na meno yako.

Katika nchi hiyo aliishi Digidigi mmoja, jina lake Sikudhani. Mnamjua digidigi? Ni yule paa mdogo mwenye macho makubwa na pua isiyotulia. Akisimama kando ya Tembo, unaweza kudhani ni kitu Tembo alichokidondosha njiani. Sikudhani alikuwa na mume, Pandu, na digidigi wakishaoana ndiyo basi, hawana habari za kuachana. Hulima pamoja, hula pamoja, na akikohoa mmoja, mwingine anatafuta tangawizi.

Pandu alikuwa mjumbe wa Baraza. Yeye na wajumbe wengine wadogo waliwakilisha wakazi wa vichakani: akina Kindi, Kanga, Panya, na wengine wote ambao wakubwa huwakumbuka wakishawakanyaga.

Sasa, mwaka mmoja Pandu alichomwa na mwiba wa mgunga kwenye ukwato. Mwiba ukatolewa, maumivu yakabaki. Ndipo akapita Mbweha, mfanyabiashara, na kapu lake begani.

"Shemeji Pandu, pole sana," akasema Mbweha. "Mbona unachechemea? Tafuna mzizi huu. Unaitwa pumzika. Ukiutafuna, maumivu kwisha."

"Hauna madhara?" akauliza Pandu.

"Madhara gani? Nampa hata mama yangu mzazi."

Uongo mtupu. Mama yake Mbweha alikuwa amekufa siku nyingi, na hata angekuwa hai asingempa, maana Mbweha aliujua mzizi ule vizuri. Ukiutafuna leo, unapona. Kesho usipoutafuna, unaumwa mwili mzima, hata miguu ambayo haikuona mwiba. Keshokutwa huli, hulimi, humsikilizi mtu, unamngoja Mbweha tu. Pandu akauza jembe apate mzizi. Akauza godoro. Mwisho akauza sufuria ya pilau ambayo Sikudhani alitunzwa na shangazi yake siku ya harusi. Nyumba ikabaki kuta na mwangwi.

Na kule barazani kulikuwa na kanuni moja iliyoitwa kanuni ya upele. Zamani kidogo Nyati alikuja kikaoni na upele, akabanana na wenzake, basi mwezi mzima Baraza halikufanya kazi nyingine ila kujikuna. Kwaru kwaru kwaru! Toka siku hiyo Spika, ambaye alikuwa Tembo, akapitisha kanuni: mgonjwa asikanyage uwanja wa Baraza, asitoe neno wala kupiga kura, mpaka mganga aseme amepona.

Miaka ikapita bila kanuni ile kumgusa mtu. Wa kwanza kuguswa alikuwa Pandu.

"Mheshimiwa Pandu ni mgonjwa," akasema Spika Tembo. "Atolewe nje."

Wakamtoa, huku anatetemeka, na wajumbe wakubwa wakitazama pembeni. Kiti cha mjumbe hakikai wazi, kwa hiyo wakazi wa vichakani wakamwambia Sikudhani akikalie yeye. Akakikalia. Kilikuwa bado kina joto la mumewe.

Pandu hakuwa peke yake. Vichaka vizima vilikuwa na wagonjwa wa mzizi, thelathini kwa jumla. Jamaa zao wakakusanyana wakaenda kumshtaki Mbweha kwa Hakimu Bundi. Kesi ikala masika mawili. Mbweha alileta mawakili watatu, wote kasuku, nao walisema kwa pamoja na kurudia kila kitu mara tatu. Bundi alisikiliza akiwa amefumba macho. Mwishoni akafumbua jicho moja.

"Mbweha, ulijua mzizi huu unafanya nini?"

Mbweha akatazama kapu lake. "Nilijua kidogo, Mheshimiwa."

"Basi utalipa sana," akasema Bundi.

Akamtoza mitungi sitini ya asali. Hukumu ikasomwa hadharani, na ilikuwa na maneno mawili. La kwanza: asali hii ni fidia ya walioathirika na mzizi. La pili: Baraza litaamua namna ya kuitumia. Neno la kwanza lilikuwa zuri. La pili ndilo lililoleta balaa.

Kwa nini asali, mtauliza. Kwa sababu mganga wa nchi ile, Bi Nungunungu, alikuwa na dawa ya kuukata ule ugonjwa, lakini ilikuwa chungu kiasi kwamba hakuna koo lililokubali kuimeza kavu. Ilibidi kila kikombe kifuatiwe na kijiko cha asali, asubuhi na jioni, miezi miwili bila kuruka siku. Kila mgonjwa alihitaji mitungi miwili. Wagonjwa thelathini, mitungi sitini. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza hesabu hiyo. Wajumbe wakubwa iliwashinda.

Siku ya kikao mitungi ilipangwa katikati ya uwanja, imefunikwa kwa majani ya mgomba, na harufu yake ilimfikia kila mwenye pua. Spika Tembo akaketi mbele. Pembeni yake akaketi naibu wake, Kanga, aliyechaguliwa kwa sababu ana madoadoa ya kupendeza na hakuna aliyetarajia kwamba Spika ataugua. Kulia wakakaa Kiboko na Nyati. Wadogo wakakaa nyuma kabisa, kwenye jua.

"Waheshimiwa," akasema Tembo, "tumepata fidia. Nani ana pendekezo?"

Kiboko akanyanyuka, na ilichukua muda. "Mheshimiwa Spika, bwawa langu limejaa tope. Mimi naona asali hii tuwape nyuki wafanye... hapana, tuwape vibarua, walipwe mitungi ishirini, wanichimbie bwawa."

"Bwawa lina uhusiano gani na wagonjwa?" akauliza Kindi kutoka nyuma.

"Mgonjwa haogi?" akajibu Kiboko, akaketi.

Nyati akasema yeye anataka mitungi ishirini kwa ajili ya uwanja wa kupigania pembe, maana vijana wakiwa na uwanja hawatafuni mizizi. Spika Tembo akaguna kwa kukubali, kisha akasema, kwa unyenyekevu mkubwa kabisa, kwamba ishirini iliyobaki ipanue njia inayotoka barazani kwenda nyumbani kwake, kwa faida ya wote wanaopenda kuja kumsalimia.

Sikudhani akasimama. Aliposimama hakuonekana, ikabidi apande juu ya jiwe.

"Mheshimiwa Spika, hukumu imesema asali ni ya walioathirika. Bi Nungunungu ana dawa tayari. Wagonjwa ni thelathini, mitungi ni sitini, na mmoja wao ni..."

"Kuna mtu anaongea?" akauliza Nyati. "Nasikia kama mbu."

Wakubwa wakacheka. Spika akasema, "Tupige kura."

Sasa sikilizeni, maana mambo yote yako hapa. Kule kura hazikuhesabiwa kwa vichwa, zilihesabiwa kwa vumbi. Spika huuliza: wanaokubali? Wanaokubali wanapiga miguu chini. Halafu: wasiokubali? Na hao wanapiga miguu chini. Upande ambao vumbi lake limepanda juu zaidi ndio ulioshinda. Wazee wa zamani waliona ni haki, maana vumbi halina upendeleo. Wazee hao, lakini, walikuwa tembo.

"Wanaokubali bwawa, uwanja na njia?"

Du! Du! Du! Vumbi likapanda hadi juu ya miti, Kanga akapiga chafya.

"Wasiokubali?"

Tipu tipu tipu. Sikudhani, Kindi, Panya na wenzao walipiga miguu hadi ikauma. Vumbi likafika magotini. Magotini mwa Panya.

"Waliokubali wameshinda," akasema Tembo. "Kesho asubuhi tunagawana."

Sikudhani akarudi nyumbani. Alimkuta Pandu amejikunja pembeni ya jiko lisilo na moto, mbavu zinahesabika.

"Siku," akasema Pandu, "niletee kidogo tu. Kipande kama kucha. Kesho naacha."

"Sina, baba."

"Basi nenda kamwambie Mbweha nitamlipa."

"Utamlipa nini? Nimebaki mimi."

Pandu akaanza kulia, na kilio chake ndicho kilichomwumiza Sikudhani kuliko maneno. "Nisamehe," akasema. "Mimi nasikia ninachokisema, lakini siwezi kukizuia. Nimechoka kuwa hivi, Siku."

Sikudhani akakaa karibu naye, akalia naye. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku aliyofukuzwa na chui, maana chui unaweza kumkimbia. Halafu akajifuta pua akaenda kwa Bi Nungunungu, jua likiwa bado halijazama.

Bi Nungunungu alikuwa anakoroga chungu chake, miiba yake inapigana mgongoni, cha-cha-cha.

"Nimesikia kura," akasema kabla hajasalimiwa. "Sina cha kukuficha, mwanangu. Bila asali dawa hii haikai tumboni, na bila dawa mumeo hatafika masika."

"Shikamoo, Bi Nungunungu."

"Marahaba. Kaa."

Sikudhani akakaa, akatazama chungu, akatazama ile miiba. Pua yake ikaanza kuchezacheza haraka.

"Bi mkubwa, akija mnyama mkubwa akasema anaumwa ugonjwa wa mzizi, utamtibu?"

"Mimi siangalii ukubwa. Anayesema anaumwa, kwangu ni mgonjwa. Ila mkubwa namwongezea sindano, ngozi yake nene."

"Na asali unampa?"

"Dawa kwanza, kikombe kizima. Kisha sindano. Kisha kijiko kimoja cha asali. Miezi miwili, na chakula ni uji wa pumba. Anayetaka asali peke yake aende kwa nyuki."

"Kesho asubuhi," akasema Sikudhani, "naomba upite barazani. Usiingie mpaka nikuite. Uje na chungu."

Bi Nungunungu akamtazama. Akacheka kidogo, cheko la pumzi tu, akaongeza kuni.

Asubuhi kikao kikaanza. Wakubwa walikuwa wamekuja na vyombo. Nyati alikuwa na ndoo mbili. Sikudhani akapanda juu ya jiwe lake, sauti laini kama ya mgeni anayeomba maji.

"Mheshimiwa Spika, nimekuja kuomba radhi. Jana nilisema ovyo. Wakubwa mkishaamua, mmeamua, mwenye nguvu mpishe. Nina hofu moja tu, nayo ni kwa ajili yenu."

"Hofu gani?" akauliza Tembo.

"Hakimu Bundi. Hukumu yake inasema asali ni ya walioathirika. Mkiichukua bila kuathirika, atasema mmekwenda kinyume, na mitungi yote atairudisha kwa Mbweha."

Wakubwa wakatazamana. Nyati akasogeza ndoo zake karibu.

"Lakini nimekaa nikafikiri," akaendelea Sikudhani, "nikajiambia, hivi kweli wakubwa wetu hawakuathirika? Mzizi umeipiga nchi nzima, ukawaruka wao tu? Labda mliumia kimyakimya, kwa sababu ya heshima zenu."

Ndipo Kiboko akakohoa.

"Kwa kweli," akasema, "mimi nilikuwa sipendi kulisema."

"Sema, Mheshimiwa. Hapa ni nyumbani."

"Nilitafuna. Mara moja. Mara mbili. Tangu hapo usiku silali. Mchana nalala sana."

"Wewe umelala mchana tangu tunazaliwa," akasema Kindi, lakini Sikudhani akamkanyaga mguu.

"Pole, Mheshimiwa," akasema Sikudhani. "Basi anayeumwa zaidi ndiye apate mitungi mingi zaidi, au mnaonaje? Ndiyo haki ya fidia."

Lo, laiti mngaliona! Hapo ndipo Nyati aliposimama haraka kuliko alivyowahi kusimama maishani.

"Kiboko ana nini? Kukosa usingizi ni ugonjwa? Mimi natafuna mwaka wa tatu huu! Naona vitu viwiliviwili. Naona Kiboko wawili, na mmoja ananitosha." Kisha akajiangusha chini, puu, akanyoosha miguu. "Kichwa changu, jamani! Nishikeni!"

"Mimi siwezi hata kutembea," akasema Kiboko, akalala pale pale, ingawa alikuwa amekuja kwa miguu yake.

Spika Tembo aliona mitungi inamponyoka. Akaweka mkonga kifuani. "Waheshimiwa, mimi ni kiongozi, na kiongozi huugua mwisho. Lakini leo niseme ukweli. Mimi ndiye mgonjwa kuliko wote. Mzizi ule nilianza kuutafuna kabla haujaitwa pumzika. Miguu inavimba. Tazameni!"

Wakaitazama miguu yake. Ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Imevimba kweli," akasema Sikudhani. "Tuandike basi, Hakimu akiuliza tuwe na ushahidi."

Baraza lile liliandika kumbukumbu zake kwa nyayo kwenye udongo mbichi. Anayekubali jambo anakanyaga, udongo ukikauka umekauka. Panya na Kindi wakauleta udongo, wakaumwagia maji. Sikudhani akatamka kwa sauti: "Mimi niliyekanyaga hapa ni mgonjwa wa mzizi." Kiboko akakanyaga. Nyati akafufuka, akakanyaga mara mbili, akarudi kulala. Spika Tembo akaweka mguu wake mkubwa, pwata, karibu auharibu udongo wote.

Jua la asubuhi likaukausha. Sikudhani akaugonga kwa ukwato, ko ko ko, akageuka.

"Mheshimiwa Spika, naomba mwongozo."

"Mwongozo wa nini? Tugawane."

"Kanuni ya upele inasemaje?"

Tembo masikio yakasimama. Nyati akafumbua jicho moja.

"Ile..." akasema Tembo. "Ile ni ya upele, Digidigi. Sisi hatuna upele."

"Mume wangu pia hakuwa na upele, Mheshimiwa Spika," akasema Sikudhani. "Alikuwa na ugonjwa huu huu. Ulimtoa kwenye kiti hiki mwenyewe."

Tembo akatazama nyayo zake kwenye udongo. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Unaweza kusema hukuwa mgonjwa," akaongeza Sikudhani kwa upole. "Tutauvunja udongo. Lakini basi asali si yako, Hakimu amesema ni ya walioathirika."

Masikini wakubwa. Wakisema wazima, hakuna asali. Wakisema wagonjwa, hakuna kura. Tembo akaangalia mitungi, harufu ikamwingia mkongani, na tamaa ikamchagulia.

"Sisi ni wagonjwa," akasema. "Twendeni nje. Lakini asali yetu iko pale pale."

Wakatoka, Kiboko akijikokota, Nyati akisahau kujikokota na kubeba ndoo zake mbio. Wakasimama nyuma ya mstari wa mawe unaozunguka uwanja. Kiti cha Spika kikabaki wazi, na macho yote yakamgeukia Kanga.

Kanga hakuwahi kuendesha kikao. Akapanda kitini, akatikisa madoadoa. "Kuna pendekezo?"

"Lipo," akasema Sikudhani. "Mitungi yote sitini akabidhiwe Bi Nungunungu leo hii. Ampe asali kila mgonjwa anayekunywa dawa, na asiyekunywa dawa asipewe hata tone."

"Wanaokubali?"

Tipu tipu tipu tipu. Sikudhani, Kindi, Panya na wadogo wote wakapiga miguu. Vumbi likapanda, jepesi, kama la mtu anayefagia uani. Likafika magotini mwa Panya. Safari hii likaendelea kidogo, likafika magotini mwa Sikudhani.

"Hilo si vumbi!" akapiga kelele Nyati kutoka nje.

"Mgonjwa hatoi neno," akasema Kanga. "Wasiokubali?"

Ndani ya uwanja hakuna aliyepiga mguu. Nje, Kiboko alikanyaga chini kwa hasira, lakini vumbi la nje halihesabiwi. Kanga akatazama huku, akatazama huku. "Waliokubali wameshinda," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, maana upande wake haukuwahi kushinda kitu.

"Bi Nungunungu!" akaita Sikudhani.

Cha-cha-cha, cha-cha-cha. Bi Nungunungu akatokea na chungu kinachofuka moshi, akaenda moja kwa moja nyuma ya mstari wa mawe.

"Nimeambiwa nina wagonjwa wapya watatu, tena mahututi. Nani aanze?"

"Tunaanza na asali," akasema Kiboko.

"Tunaanza na kikombe."

Kiboko akaonja kwa ncha ya ulimi. Macho yakamtoka, midomo ikajikunja ndani, na bila kuaga akageuka, akakimbia kuelekea mtoni, yeye ambaye hakuweza kutembea. Ikasikika chubwi! Wakasema alikaa chini ya maji mpaka jioni akisuuza mdomo.

Nyati alikunywa. Tumpe haki yake, alikunywa kikombe kizima huku machozi yanamtoka. "Sasa asali," akasema.

"Sasa sindano," akasema Bi Nungunungu, akageuka mgongo.

Nyati akaitazama ile miiba mmoja mmoja, mirefu, yenye ncha. "Ngapi?" akauliza.

"Kwa ngozi yako? Kumi na mbili. Asubuhi. Jioni nyingine kumi na mbili."

"Mganga, sasa naona kitu kimoja kimoja," akasema Nyati. "Nakuona mmoja. Nimepona." Akaondoka, na ndoo akaziacha.

Akabaki Tembo. Yeye alikuwa na kiburi cha ukubwa, hakutaka kukimbia mbele ya Panya. Akanywa. Akafumba macho. Bi Nungunungu akarudi nyuma taratibu mpaka miiba ikagusa.

"Paaaa!" Mlio ule ulisikika nchi ya jirani. "Nimepona! Wallahi nimepona! Miguu imeshuka, tazameni!"

"Umepona?" akasema Bi Nungunungu. "Alhamdulillahi. Basi asali ya nini tena?"

Tembo akaingia uwanjani polepole, akasimama mbele ya ule udongo wenye nyayo zake. Wote walidhani atauvunja. Akauvunja kwa mkonga, ndiyo, lakini kabla ya hapo alimgeukia Sikudhani, akasema kwa sauti ndogo, "Mumeo alipokuwa anatolewa, nilitazama pembeni. Nilifanya vibaya."

"Ulifanya vibaya," akasema Sikudhani. "Sasa nisaidie kubeba mitungi, mimi sifikii."

Tembo akaibeba. Mitungi sitini, mmoja mmoja, mpaka kwa Bi Nungunungu, na njiani hakulamba hata mmoja. Labda mmoja. Sikuwepo.

Pandu alikunywa dawa siku ya kwanza akatapika. Siku ya pili akatukana ukoo mzima wa nungunungu. Siku ya kumi akaomba uji uongezwe. Sikudhani alikuwa anakaa kando yake asubuhi na jioni, kikombe mkono huu, kijiko cha asali mkono huu, na kuna siku alidhani hawatafika. Walifika. Mvua za kwanza za masika zilipoanguka, Pandu alitoka nje kwa miguu yake, akasimama uani akilowa, akacheka peke yake.

Akaenda barazani na ruhusa ya mganga. Spika Tembo alipomwona akasimama. "Mheshimiwa Pandu, kiti chako kipo."

Pandu akamtazama mkewe aliyekaa juu ya jiwe lake. "Kina mwenyewe," akasema. "Mimi nimekuja kumletea chakula. Nimekipika mimi, kwenye sufuria ya kuazima."

Haya, na mimi nimefika mwisho wa safari yangu, maji ya kunywa yaletwe. Ninyi mkimbilie asali mkijua hili: anayejidai mgonjwa kwa tamaa ya asali, ajiandae kunywa na dawa.